Elias Lönnrot na Malenga wa Karelia

Walimu wetu, wanafunzi wa fasihi, na ninyi mliokuja kwa mapenzi ya ushairi tu, nawasalimu na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mtafiti mmoja wa fasihi simulizi. Nimemchagua Elias Lönnrot, daktari wa Ufini aliyezaliwa tarehe 9 Aprili 1802 na kufariki tarehe 19 Machi 1884. Ndiye aliyekusanya na kuunganisha nyimbo za kale za Wafini hadi zikawa utenzi uitwao Kalevala. Baadhi yenu mmewahi kuushika mkononi kwa Kiswahili, kwani Jan Knappert, Mholanzi aliyezishughulikia tendi zetu kwa miaka mingi, aliutafsiri mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo hadithi yenyewe sitaisimulia yote. Nitazungumza juu ya mtu aliyeikusanya na juu ya watu waliomwimbia. Na msimamo wangu nautoa mapema: maisha ya Lönnrot hayawezi kuelezwa kwa haki bila kuwataja waimbaji wale kwa majina, kwa sababu kitabu kilipotoka mwaka 1835 hakuna wimbo uliowekewa jina la aliyeuimba.

Lönnrot alizaliwa Sammatti, kijiji cha kusini-magharibi mwa Ufini, katika nyumba ndogo iitwayo Paikkari. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo, watoto walikuwa saba, na riziki ilikuwa ya kubahatisha. Mavuno yakiharibika, watu wa nchi ile walichuna gome la ndani la msonobari, wakalikausha, wakalisaga na kulichanganya na unga wa mkate. Elias alijua kusoma akiwa na miaka mitano hivi. Inasimuliwa kwamba mama mmoja jirani alikuwa akiwaamsha wanawe kwa kuwaambia: amkeni, Elias wa Lönnrot yuko mtini na kitabu chake tangu alfajiri.

Shuleni alikuta lugha nyingine. Ufini ilitawaliwa na Uswidi kwa karne nyingi, na hata ilipochukuliwa na Urusi mwaka 1809, mahakama, shule na chuo kikuu viliendelea kutumia Kiswidi. Kifini kilikuwa lugha ya shambani, jikoni na ya sala za Jumapili. Mtoto wa fundi nguo aliyetaka kusoma ilimpasa ajifunze kuishi katika lugha ya wakubwa. Ninyi mnaonisikiliza hamhitaji maelezo marefu hapo.

Alianza masomo Tammisaari, akahamia Turku, fedha zikaisha, akaacha. Kulikuwa na desturi ya wanafunzi maskini kuzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba ili wapewe nafaka ya kuwawezesha kusoma. Lönnrot naye alizunguka, mfuko begani. Nalipenda sana jambo hili katika maisha yake. Kabla hajawa mtu wa kuwaendea wengine na kuwaomba wamwimbie, alikuwa kijana anayesimama mlangoni pa wengine akiimba ili apate chakula. Mwaka 1820 aliajiriwa kama mwanagenzi kwenye duka la dawa huko Hämeenlinna, na mwaka 1822 akaingia chuo kikuu cha Turku. Mwaka ule ule waliandikishwa J. L. Runeberg, ambaye angekuja kuwa mshairi wa taifa, na J. V. Snellman, mwanafalsafa aliyeipigania lugha ya Kifini kwa kalamu maisha yake yote.

Mwalimu wake chuoni, Reinhold von Becker, ndiye aliyemwelekeza kwenye nyimbo za kale. Mwaka 1827 Lönnrot alitoa tasnifu kwa Kilatini juu ya Väinämöinen, mzee mwenye hekima ambaye katika nyimbo hizo huimba na dunia ikatii. Tasnifu ilikuwa na sehemu mbili. Ya pili iliteketea katika moto mkubwa wa Turku wa Septemba 1827, moto ulioumaliza mji pamoja na chuo chake, hata chuo kikahamishiwa Helsinki mwaka uliofuata. Lönnrot akabaki kijana wa miaka 25, na nusu ya kazi yake ni majivu. Majira yaliyofuata, mwaka 1828, alifunga mzigo akaondoka kwa miguu kuelekea mashariki, kwenda kuzitafuta nyimbo zile kwa wenyewe.

Hakuwa wa kwanza kuziandika. Alikuwapo daktari mwingine, Zachris Topelius, ambaye alipooza na kuwa mtu wa kitandani. Wachuuzi kutoka Karelia, upande wa Urusi, walipita nyumbani kwake na bidhaa zao, naye aliwaomba waketi karibu na kitanda wamwimbie. Kati ya mwaka 1822 na 1831 alitoa vijitabu vitano kwa njia hiyo. Mtu asiyeweza kusimama ndiye aliyewaonyesha wenzake mahali nyimbo zilipo hai: Karelia ya Bahari Nyeupe, ng'ambo ya mpaka. Upande wa Ufini, kanisa la Kilutheri lilikuwa limezipiga vita nyimbo hizi kwa muda mrefu kama mabaki ya upagani. Ng'ambo, kwa Wakarelia wa Kiorthodoksi, hazikubanwa kiasi hicho, na vijiji vilikuwa mbali na barabara, shule na maofisa.

Safari ya 1828 ilizaa vijitabu vinne vilivyoitwa Kantele, jina la ala ya nyuzi ya Wafini, vilivyotoka kati ya 1829 na 1831. Mwaka 1831 ikaundwa Jumuiya ya Fasihi ya Kifini, na Lönnrot akawa katibu wake wa kwanza. Wakati huo huo alikuwa akisomea udaktari. Tasnifu yake ya 1832 ilihusu tiba za kiganga za Wafini. Aliyasikiliza maneno ya waganga, akayaandika kwa makini, akayatendea kama elimu inayostahili kuchunguzwa. Kwa daktari wa zama zile hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1833 aliteuliwa kuwa daktari wa wilaya ya Kajaani, kaskazini-mashariki, na akakaa huko miaka 20. Alifika wakati wa njaa. Mavuno yalikuwa yameungua kwa baridi, watu walikuwa wanakula mkate wa magome, na nyuma ya njaa zilikuja homa. Daktari alikuwa mmoja kwa eneo kubwa ajabu, na yeye mwenyewe alishikwa na tifasi akawa karibu kufa. Mwaka 1834 alitoa kijitabu cha mashauri ya namna ya kuishi katika mwaka wa njaa, na mwaka 1839 kitabu cha tiba ya nyumbani kwa wakulima, vyote kwa Kifini. Wanaoandika juu yake kama mshairi huyapita haya haraka. Mimi siyapiti, kwa sababu yanaeleza kwa nini milango ilifunguka. Mtu aliyekuja kuomba wimbo alikuwa ni yule yule aliyekuja kutibu homa.

Sasa nifike kwenye miezi iliyobadilisha kila kitu.

Septemba 1833 Lönnrot alivuka mpaka akafika kijiji cha Vuonninen. Huko alimkuta Ontrei Malinen, mvuvi na mwimbaji mkubwa. Ontrei alimwimbia kutwa, na Lönnrot angependa kumshikilia zaidi, lakini nyavu zilikuwa zinangoja ziwani, na mtu ana familia ya kulisha. Basi akaelekezwa kwa mzee mwingine, Vaassila Kieleväinen. Vaassila alikuwa ameshazeeka, mistari mingi imemtoka kichwani. Lakini matukio yenyewe alikuwa anayakumbuka: alimsimulia Lönnrot mambo ya Väinämöinen moja baada ya jingine, lililotangulia na lililofuata. Hapo ndipo Lönnrot alipoona kwamba nyimbo hizi fupi fupi zinaweza kufuatana kama visa vya hadithi moja. Naomba mlitafakari hilo. Wazo la kuunda utenzi mkubwa wa taifa lilipata nguvu kutoka kwa mzee aliyekuwa amesahau mashairi yake. Mtafiti mwenye haraka angeandika kwenye daftari kwamba huyu hana kitu, akaondoka.

Lönnrot akaandaa mswada wa nyimbo 16, mistari zaidi ya 5,000, akaupeleka Helsinki uchapwe. Kisha akaenda tena. Aprili 1834 alifika Latvajärvi, kijiji cha nyumba chache katika parokia ya Vuokkiniemi, akamkuta Arhippa Perttunen.

Arhippa alikuwa mkulima maskini, mzee sana, na kumbukumbu yake ilikuwa kali. Aliimba siku mbili na sehemu ya siku ya tatu, na Lönnrot aliandika mistari zaidi ya 4,000 kutoka kinywani mwake. Aliimba kwa mpangilio, bila kuacha mapengo, na nyimbo nyingine Lönnrot hakuwa amezisikia kwa mtu yeyote kabla ya hapo. Katikati ya kuimba, mzee alimsimulia habari za baba yake, Iivana. Alisema kwamba alipokuwa mtoto walikwenda kuvua ziwani Lapukka, baba yake na kibarua mmoja, na usiku mzima kando ya moto wale wawili waliimba wameshikana mikono, wala wimbo mmoja hawakuurudia mara mbili. Yeye alikuwa kijana mdogo, amekaa anasikiliza, na hapo ndipo alipojifunzia nyimbo zake kuu. Akasikitika kwamba katika wanawe hakuna atakayekuwa mwimbaji baada yake kama alivyokuwa yeye baada ya babaye. Watu, alisema, hawazipendi tena nyimbo za kale.

Lönnrot aliporudi Kajaani aliandika kuomba mswada wake urudishwe. Uamuzi huo nauheshimu kuliko yote aliyofanya. Kazi ilikuwa imekamilika na iko tayari kwa mchapaji. Lakini alikuwa amemsikia Arhippa, na alijua kwamba kitabu kisicho na Arhippa kimepungukiwa. Akaanza upya. Dibaji ya kitabu kipya aliitia tarehe 28 Februari 1835, na siku hiyo Wafini huiadhimisha kila mwaka, bendera zikapandishwa nchi nzima. Kitabu kilikuwa na nyimbo 32 na mistari 12,078. Nakala zilizochapwa ni 500 tu, na zilichukua miaka mingi kuuzika. Kwenye ukurasa wa jina hakujiweka kama mtunzi. Kichwa kilisema ni nyimbo za kale za Karelia.

Niseme kidogo juu ya umbo la nyimbo hizi, maana hapa ndipo mshairi wa Kiswahili anapojisikia yuko kwao. Mstari una mizani nane. Tazameni mstari huu unaomtaja mzee Väinämöinen: *Vaka vanha Väinämöinen*. Hesabuni kwa vidole, mtapata nane, sawa na kipande cha utenzi wetu. Vina vya mwisho hakuna. Badala yake maneno ya mstari mmoja hupenda kuanza kwa sauti moja, kama mnavyoisikia hiyo *v* inavyorudi mara tatu. Na jambo likishasemwa katika mstari mmoja, aghalabu mstari unaofuata hulisema tena kwa maneno mengine, ili mwimbaji apate nafasi ya kukumbuka linalokuja na msikilizaji apate nafasi ya kulikalia lililopita. Mizani, sauti za mwanzo na kurudia ndivyo vilivyozibeba nyimbo hizi kwa mamia ya miaka bila karatasi. Ndiyo maana mtu wa Vuonninen na mtu wa kijiji cha mbali, ambao hawakuwahi kuonana, waliweza kuwa na mstari ule ule. Na ndiyo maana Lönnrot aliweza kuziunganisha nyimbo zao bila mshono kuonekana sana.

Aliunganishaje? Swali hili limewakosesha Wafini usingizi kwa karne nzima na zaidi. Lönnrot alichukua mistari ya waimbaji wengi, akaichambua, akaipanga kuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho: kuumbwa kwa dunia, Väinämöinen na mhunzi Ilmarinen, kinu cha ajabu kiitwacho Sampo kinachosaga unga upande mmoja, chumvi upande wa pili na fedha upande wa tatu, wizi wa kinu hicho kutoka nchi ya Kaskazini, na kuvunjika kwake baharini. Hakulificha jambo hilo. Alieleza kwamba kwa kuwa hakukuwa na mwimbaji hata mmoja aliyekuwa na nyimbo nyingi kama alizokuwa nazo yeye, alijipa haki ile ile ambayo kila mwimbaji alijipa, ya kuzipanga nyimbo kadiri alivyoona zinafaa. Alijihesabu kuwa mwimbaji miongoni mwa waimbaji.

Nimeizungusha hoja hiyo kichwani mara nyingi. Kwa upande mmoja ina ukweli. Arhippa naye hakuimba kama Ontrei. Kila mmoja alikuwa na mpangilio wake. Kwa upande mwingine, Arhippa akiuimba wimbo, kijiji kizima kinajua ni wimbo wa Arhippa aliourithi kwa Iivana. Lönnrot alipouimba kwa wino, majina hayo mawili yalibaki nje ya wimbo.

Mwaka 1840, mwaka unaotajwa kuwa ndio aliofariki mshairi wetu Muyaka bin Haji huko Mombasa, Lönnrot alitoa kitabu kingine kikubwa, Kanteletar, chenye nyimbo 652. Hizi si za mashujaa. Ni nyimbo za binti anayemlilia mama, za mke aliyeolewa mbali na kwao, za mtoto yatima, za mchunga ng'ombe, za mwanamke anayesaga peke yake. Sehemu kubwa ni sauti za wanawake. Mmoja wao alikuwa Mateli Kuivalatar, mwanamke wa Ilomantsi ambaye Lönnrot alimkuta mwaka 1838 na kuandika kutoka kwake nyimbo nyingi nzuri kuliko karibu zote alizozipata katika safari ile. Mateli hakujulikana na wasomaji wa Kanteletar. Jina lake lilikuja kufahamika baadaye, watafiti walipozirudia karatasi. Na wako wanawake wengi ambao Lönnrot hakuandika jina lao kabisa, kwa sababu katika zama zake ilidhaniwa kwamba wimbo wa watu hauna mwenyewe, ni wa taifa zima. Fikra hiyo ilikuwa nzuri kwa taifa. Kwa mwanamke aliyeimba ilikuwa hasara.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapoumia, na nawaomba wanafunzi mnisikilize. Ninasoma ripoti zetu za utafiti wa uwandani na kukuta wimbo wa kutwanga au wa unyago uliochukuliwa kwa mama mmoja, na chini yake pameandikwa: mtoa habari, mwanamke, miaka 70. Ikiwa mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, sawa, hiyo ni haki yake. Lakini aghalabu hakuna aliyemuuliza. Lönnrot anaweza kutetewa kwa kusema kwamba alikuwa wa kwanza kwanza na desturi haikuwapo. Sisi hatuna utetezi huo.

Baada ya 1840 kazi haikusimama. Mwaka 1842 alitoa mkusanyo wa methali zaidi ya 7,000, na mwaka 1844 vitendawili. Vijana walioingiwa na moto wake walienda uwandani kwa miguu yao. Mmoja, D. E. D. Europaeus, alileta shehena ya nyimbo kutoka Karelia na Ingria, nchi iliyo kando ya Ghuba ya Ufini upande wa Urusi, zikiwamo za Kullervo, yule kijana aliyekulia utumwani na kuangamiza kila alichogusa. Lönnrot alijitengenezea nakala ya Kalevala iliyoshonwa karatasi tupu kati ya kurasa, akawa anaandika humo mistari mipya mahali inapolingana. Mwaka 1849 ikatoka Kalevala mpya yenye nyimbo 50 na mistari 22,795, nayo ndiyo inayosomwa duniani leo. Mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku kuchapa kwa Kifini karibu kila kitu isipokuwa mambo ya dini na ya uchumi. Kitabu kilikuwa kimeshatoka.

Sifa zilikuja kutoka mbali kabla ya nyumbani kutulia. M. A. Castrén, mwanaisimu wa Ufini, aliitafsiri Kalevala ya kwanza kwa Kiswidi mwaka 1841, tafsiri ya Kifaransa ikafuata mwaka 1845, na mwaka huo huo Jacob Grimm, msomi Mjerumani wa lugha na ngano, akatoa hotuba juu yake huko Berlin. Mwaka 1863 amri ya mfalme wa Urusi ilitambua kwamba Kifini kitakuwa lugha ya ofisi na mahakama sawa na Kiswidi katika muda wa miaka 20. Siwezi kusema kitabu kimoja kilifanya hayo yote. Kina Snellman walipigana, na wakulima wenyewe waliwasukuma. Lakini ilikuwa vigumu sasa kumwambia mtu kwamba lugha ile haiwezi kubeba jambo kubwa.

Maisha yake ya nyumbani yalikuwa mazito, nami nitayapitia kwa ufupi. Alioa mwaka 1849, akiwa na miaka 47. Mwanawe wa kiume alifariki akiwa mdogo. Mkewe, Maria Piponius, alifariki mwaka 1868, na kati ya mabinti wanne watatu walimtangulia kaburini. Alibaki Ida peke yake. Katika miaka hiyo ya misiba alikuwa anaandika kamusi ya Kifini na Kiswidi yenye maneno zaidi ya 200,000, iliyotoka kwa sehemu kuanzia 1866 hadi 1880. Alikuwa ameshakuwa profesa wa lugha ya Kifini Helsinki na kustaafu mwaka 1862, akarudi Sammatti, na mwaka 1880 bado alitoa mkusanyo wa maneno ya uganga, somo lile lile la tasnifu yake ya ujana.

Sasa turudi kwa mzee Arhippa, ambaye alifariki mwaka 1841. Alisema hakuna mwanawe atakayemrithi. Lakini miaka ya 1870 mtafiti A. A. Borenius alifika Latvajärvi akamkuta Miihkali Perttunen, mwana wa Arhippa, ambaye alikuja kuwa kipofu. Miihkali aliimba. Nyimbo za baba zilikuwamo, nyingine zimebadilika, nyingine zimefupishwa, lakini zimo, na kwa mara ya kwanza watafiti waliweza kuweka wimbo wa baba na wa mwana ukurasa kwa ukurasa na kuona jinsi urithi unavyosafiri. Hilo liliwezekana kwa sababu moja tu: Lönnrot hakuzitupa karatasi zake baada ya kuchapa kitabu. Alizitunza, zikahifadhiwa Helsinki katika kumbukumbu za Jumuiya ya Fasihi ya Kifini, zenye wino, makosa na vifupisho vyake vya haraka. Mtu aliyebadilisha nyimbo ametuachia ushahidi wa kila badiliko alilofanya. Mtafiti Väinö Kaukonen alitumia miaka mingi kuipima Kalevala mstari kwa mstari, na hesabu inayonukuliwa sana kutokana na kazi yake ni kwamba karibu theluthi ya mistari iko kama ilivyoimbwa, nusu imeguswa kidogo, na iliyotungwa na Lönnrot kabisa ni kama asilimia 3.

Na somo la majina lilijifunzwa. Huko Ingria aliishi mwanamke aitwaye Larin Paraske, aliyezaliwa mwaka 1833, mwaka ule ule Lönnrot alipokwenda Kajaani. Alikuwa mjane, fukara, hajui kusoma. Kuanzia mwaka 1887 kasisi Adolf Neovius aliandika kutoka kwake mistari zaidi ya 32,000, kuizidi Kalevala yote, na safari hii jina liliandikwa. Wachoraji walimchora, na mtunzi wa muziki Sibelius, akiwa bado kijana, alikwenda kumsikiliza akiimba. Pamoja na hayo yote Paraske alifariki mwaka 1904 akiwa bado maskini, na hilo nalo lazima lisemwe kila anapotajwa.

Kuanzia mwaka 1908 nyimbo zote zilizokusanywa zilianza kuchapwa kama zilivyoandikwa uwandani, kijiji kwa kijiji, mwimbaji kwa mwimbaji pale jina linapojulikana. Kazi hiyo ilifikia majalada 33 mwaka 1948, na la 34 likaongezwa 1997. Leo yanasomeka bure kwenye intaneti. Sisi tuna mfano wetu mdogo wa uaminifu wa namna hiyo. Mashairi ya Muyaka yasingetufikia bila Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyafafanua mwishoni mwa karne ya 19 akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, hata yakachapwa mwaka 1940. Ningependa kila mwanafunzi anayeijua diwani ile alijue na jina la Sikujua.

Wale mtakaoisoma Kalevala baada ya leo, msianze na dibaji za wasomi. Someni wimbo wa kwanza, mahali ndege anapotafuta pa kutagia juu ya maji yasiyo na nchi kavu. Analiona goti limejitokeza majini, anadhani ni kisiwa, anataga hapo, na mayai yanapovunjika ndipo inapotokea ardhi, mbingu, jua na mwezi. Katika kitabu cha 1849 goti hilo ni la Ilmatar, binti wa hewa, mama yake Väinämöinen. Kisha fungueni jalada la kwanza la mkusanyo ule mkubwa, mtafute wimbo wa Sampo kama Arhippa alivyoimba Latvajärvi mwaka 1834, mistari kama 400 tu. Humo goti ni la Väinämöinen mwenyewe, anayeelea baharini baada ya kupigwa mshale, na maneno ya kuumba dunia yanatoka kinywani mwake. Lönnrot alilihamisha goti kutoka kwa mwana hadi kwa mama, na kwa kufanya hivyo akaibadilisha habari ya nani alikuwapo dunia ilipoanza. Yasomeni yote mawili, kisha njooni tujadiliane kama alikuwa na haki hiyo. Sasa nawakaribisha kwa maswali.